Riviu ya milango ya sheria kwa wenye fleti Mombasa: upi unafunguka na upi unakula pesa tu

Riviu za fleti zimejaa kila mahali, huyu anasifu tailisi, yule upepo wa bahari, mwengine kapiga picha ya swimingi puli kabla haijageuka kijani. Mimi fleti yenyewe sina ugomvi nayo mkubwa, madirisha mazuri, jikoni pana, bahari unaiona ukisogea pembeni ya balkoni. Ninachotaka kukipa nyota hapa ni ile milango ya sheria anayogonga mwenye fleti siku developa, yule aliyejenga na kumuuzia, ameacha kushika simu. Manake Kenya sheria ziko, tena za kutosha, ila kila mlango una kazi yake na bei yake na kasi yake, ukigonga usio wako unarudishwa njiani ushalipia faili ushalipa wakili. Mimi si wakili, nasema mapema. Ni mwenye fleti tu upande wa Nyali, tulinunua kwa ramani jengo likiwa bado shimo na mabati, na kwenye grupu yetu ya wasap tuko kila aina, mstaafu wa bandarini, mwalimu, wawili wako Ghuba wanatuma pesa tu na kuuliza maswali usiku wa manane, na daktari mmoja anaesoma mkataba kuliko mawakili wenyewe.

Jina la developa silitaji, bado tuna mambo nae na pia watu kama yeye wako wengi. Malalamiko ni yale yale ya majengo mengi: funguo zilichelewa kupita kiasi, lifti ziliandikwa mbili ikaja moja, maji ya kisima yana chumvi mpaka chai unaionea huruma, pakingi moja wameuziwa watu wawili, servis chaji inapanda na hesabu haionekani, alafu kubwa zaidi ya yote, hati hatukuwa nazo. Hii ya hati ndio imenifanya niandike, lakini wacha nianze na midogo.

Barua ya wakili, ile ya kudai, nyota 2. Si ghali na lazima uanze nayo, lakini developa mzoefu anazo kabati zima wala hazimkoseshi usingizi. Kilichotusaidia sisi ni kwamba wakili alirudi kwenye mkataba akakuta umeingiza zile kanuni za mauzo za Chama cha Mawakili za 2015, na humo kuna notisi ya siku 21 ya kumtaka mwenzio akamilishe mauzo. Ukishaituma hiyo vizuri na siku zikaisha, anaehesabiwa kavunja mkataba ni yeye, na hapo unaingia kwenye mazungumzo ukiwa na kitu mkononi, unataka pesa zako au unataka fleti yako. Bila ile notisi mnabaki mnaandikiana barua tu mwaka mzima.

Na ahadi za mdomo, jamani. Sheria ya Mikataba kifungu cha 3(3) inasema mkataba wa kuuza ardhi, na fleti imo, uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote na kila sahihi ishuhudiwe. Kwa hivyo yule ajenti aliyekutumia voisi noti ati jimu itakuwa juu ya paa usijali dada, voisi noti ihifadhi, brosha ihifadhi, lakini usizilalie. Kama jimu haimo kwenye mkataba wala kwenye viambatisho vyake basi kazi unayo. Lifti yetu ya pili ilikuwemo, iko kwenye mchoro ulioambatishwa na sahihi ya developa chini yake, ndio maana hiyo tuliweza kuipigania, na sauna tuliyoahidiwa kwa mdomo tu hatukuweza.

Abitresheni, nyota 2, na hizo 2 ni za heshima. Hiki ni kipengele kinachokaa kurasa za mwisho za mkataba ambapo macho yako yashachoka, kinasema mgogoro wowote utaenda kwa msuluhishi binafsi. Watu hawajui uzito wake. Ukiwa nacho alafu ukaenda kortini moja kwa moja, developa anasimama tu na kifungu cha 6 cha Sheria ya Abitresheni ya 1995 anaomba kesi isimamishwe muende kwa msuluhishi kwanza, na kwa kawaida anapewa. Msuluhishi huyo mnamlipa nyinyi. Kwa kampuni mbili zenye pesa ni njia nzuri, ni faragha na mara nyingi ni haraka kuliko korti, lakini kwa mwalimu anaedai lifti gharama zake zinatisha. Kama hujasaini bado, mwambie wakili wako akiondoe hicho kipengele au angalau kiseme upatanishi kwanza. Wakikataa kabisa, basi hapo ushajua unanunua kwa nani.

Sasa sachi na kosheni, hapa nyota 4 nzima. Sachi unafanya kwenye rejista ya ardhi kwa ada ndogo sana, na inakwambia hati mama ya kiwanja iko kwa jina la nani na ina mzigo gani. Yetu ilikuwa na mkopo wa benki. Hiyo pekee si vibaya, majengo mengi yanajengwa kwa mkopo, shida ni pale unalipa mpaka shilingi ya mwisho na benki haijaandika popote kwamba fleti yako itaachiliwa. Developa akifilisika benki yenye dhamana inasimama mbele na wewe unasimama nyuma na risiti zako. Kwa hivyo kwenye mkataba tafuta maneno ya benki kukubali mauzo na kuachilia fleti moja moja kadri zinavyolipwa, na pesa zako zilipwe kwenye akaunti ambayo benki yenyewe inaitambua.

Kosheni ni ile ilani unayosajili kwenye rejista, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kifungu cha 71, mtu yeyote mwenye dai la haki kwenye ardhi hiyo, hata kama dai limetoka kwenye mkataba tu, anaweza kuomba iwekwe. Ikishakaa, developa hawezi kuuza wala kuchukua mkopo mwengine juu ya hati ile bila wewe kukubali. Wallahi simu zilianza kushikwa wiki ile ile. Mtu ambae alikuwa yuko kikaoni kila saa akawa anatupigia yeye, tena kwa adabu, shikamoo nyingi. Lakini si silaha ya kuchezea, mwenye ardhi anaweza kupinga na msajili au korti ikaiondoa, na ukiiweka bila sababu ya maana unaweza ukalipishwa hasara uliyosababisha. Sisi wakili aliiandika kwa mkataba na risiti zote zikiwa zimebandikwa.

Kuna jambo la Nyali hapa siwezi kulipita. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, kiwanja cha ufukweni huku huku Nyali, kaunti ilikuwa inasema pale ni nafasi ya umma ya kufikia bahari. Kampuni ilikuwa na hati, ilinunua kwa pesa, na ikashindwa, kwa sababu korti iliangalia kiwanja kilivyogawiwa mwanzo mwaka 1989 ikaona utaratibu haukufuatwa, na kama mzizi umeoza hati ya juu yake haikukingi hata kama wewe ulinunua kwa nia safi. Kwa hivyo sachi ya ukurasa mmoja haitoshi tena kwa mtu anaenunua karibu na bahari. Ulizia kiwanja kilitoka wapi, nani aligawiwa wa kwanza, ramani ya zamani ya mji ilikuwa inasema pale ni nini. Mawakili wengi wanakutoza kazi hii juu ya ada ya kawaida na mimi ningelipa bila kununa.

Mahakama ya Madai Madogo, nyota 5, ndio, tano. Hii ni ya madai ya pesa yasiyozidi milioni 1, unaweza kwenda mwenyewe bila wakili, fomu zinasomeka, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Mwenzetu aliyeuziwa pakingi yenye mtu tayari alienda huko kudai pesa yake irudi, akaambatisha mkataba wa pakingi, uthibitisho wa benki, na picha ya gari ya jirani ikiwa imekaa pale, akashinda. Sikiliza lakini ujanja uliopo, yeye alidai PESA. Angedai apewe ile nafasi yenyewe angeambiwa huu ni mgogoro wa umiliki au wa kukalia ardhi, na mambo hayo korti hiyo hairuhusiwi kuyagusa. Ukishindwa rufaa inaenda Mahakama Kuu na ni kwa pointi za sheria tu, kwa hivyo ushahidi wako uwe umekamilika siku ya kwanza. Na hukumu ni karatasi, kumlazimisha mtu alipe ni shughuli nyengine na ina gharama zake, japo developa mwenye jengo mjini ana vitu vya kushika kuliko fundi aliyehama na simu yake.

Upatanishi wa kortini ulinishangaza. Nyota 4. Kesi ikishafunguliwa inaweza kupelekwa kwa mpatanishi, na mpatanishi huyo nyinyi hammlipi, muda ni siku 60 na inaweza kuongezwa 10. Mnakaa chumba kimoja, hakuna majoho, mpatanishi anawasikiliza pamoja alafu kila upande peke yake, na mnayoyasema mle hayatumiki dhidi yenu mkirudi kortini. Mkikubaliana inasajiliwa inakuwa amri ya korti. Kwetu kikao cha kwanza kilipotea kwa sababu developa alimtuma kijana wa mauzo, mtoto wa watu hana ruhusa ya kukubali hata kubadilisha balbu, mpatanishi akamrudisha akasema aje mwenye maamuzi. Alipokuja mwenyewe mambo yaliyokwama muda wote yakazungumzika, lifti ikapata tarehe na fidia ya kuchelewa ikakubaliwa kwa kukatwa kwenye deni la servis chaji. Kuna waliolalamika kwenye grupu kwamba fidia ni ndogo, na kweli ni ndogo, lakini mtu aseme na yeye angepata kubwa lini.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nyota 3, na si kwa ubaya. Hapa ndipo penyewe kama kinachogombaniwa ni fleti yenyewe, unataka developa alazimishwe kukuhamishia, au azuiwe kumuuzia mtu mwengine fleti yako, au kiwanja kinakaribia kupigwa mnada. Kama thamani haizidi milioni 20 kuna mahakimu wakuu walioteuliwa kusikiliza kesi za ardhi, huko ni karibu na rahisi zaidi. Amri ya muda ya kuzuia ndio dawa ya haraka, omba siku hiyo hiyo unapofungua kesi. Baada ya hapo jiandae, kesi za ardhi zinakokota miguu na wakili anakula kila tarehe. Na usikae ukingoja heri, dai la mkataba lina miaka 6 tu tangu mkataba uvunjwe, la kurudisha ardhi miaka 12. Wale wawili wa Ghuba walikuwa wanasema watashughulikia wakirudi likizo, daktari akawapigia hesabu ya miaka pale pale kwenye grupu wakanyamaza, kesho yake wakatuma hati za uwakilishi.

Haya, hati sasa. Mlango huu napa nyota 5 na ningekuwa na ya sita ningeitoa, ingawa si kesi wala si korti.

Ndugu zangu wa Mombasa tunajua biashara ya nyumba bila ardhi, nyumba yako, kiwanja cha mtu, unalipa kodi ya kiwanja mwezi kwa mwezi na siku wenye ardhi wakigombana au wakiuza, wewe na kuta zako mko katikati. Wazee wetu Kisauni na Majengo wameishi hivo. Alafu mtoto wa mzee huyo huyo anaenda kulipa mamilioni kwa fleti ambayo hati mama iko kwa developa na yeye ana lisi tu, yaani amekodishwa kwa miaka kadhaa, basi tofauti iko wapi? Kwa mfumo wa zamani ulikuwa unapewa lisi ndefu iliyofungwa kwenye mchoro wa akitekti, hati mama inabaki juu, na kulikuwa na kampuni ya manejimenti ambayo ati fleti zote zikishauzwa kila mtu atapewa hisa yake moja. Fleti ya mwisho haiuzwi milele, mumeona hilo? Daima kuna moja bado, ile ya chini karibu na jenereta. Na kwa kuwa bado moja, kampuni ni ya developa, meneja ni shemeji yake, walinzi ni wake, servis chaji ni yeye anaepanga, na wewe mwenye nyumba unaomba hesabu kama unaomba mkopo.

Sheria ya Sectional Properties ya 2020, ile ya majengo yanayogawiwa hati fleti kwa fleti, iliyoanza kufanya kazi tarehe 28 Disemba mwaka huo ikafuta ile ya 1987, ndio iliyolenga kukata huo mzizi. Sevea anapima jengo, ramani inafungwa kwenye kodineti, kaunti inaidhinisha, ofisi ya Mkurugenzi wa Sevei inapiga muhuri, na kiwanja kiwe frihodi, yaani milki isiyo na mwisho, au lisi iliyobakisha angalau miaka 21. Ikisajiliwa, faili ya hati mama inafungwa na kila fleti inafunguliwa faili yake na hati yake, pamoja na fungu lake la sehemu za pamoja, ngazi, paa, lifti, uwanja. Na palepale shirika la wenye fleti linazaliwa kwa nguvu ya sheria, wanachama ni wenye fleti wenyewe, halingoji ile ya karibu na jenereta iuzwe. Shirika ndilo lenye kazi ya kutunza sehemu za pamoja, kukatia jengo bima na kukusanya mchango. Sasa unajua kwa nini madevelopa wengi hawaitaji sheria hii kwenye brosha.

Lisi za zamani zilipewa miaka 2 zigeuzwe ziendane na sheria, muda ukapita na majengo kibao yako vile vile. Kitu watu hawajui ni kwamba ombi la kugeuza halimhitaji developa peke yake, kampuni ya manejimenti inaweza kuomba na hata mwenye fleti anaweza. Developa akigoma kutoa hati mama, msajili ana uwezo wa kuendelea bila ile karatasi halisi na pia kuweka kizuizi hati isichezewe. Wetu aliposikia tumeshalipa sevea alijaribu kusema hati iko benki, benki ikasema haina pingamizi, akasema imepotea, mwisho ikapatikana. Gharama tuligawana, ya sevea ndio kubwa, na mstaafu wa bandarini ndie aliyekuwa akikusanya, mtu mgumu kama nanga, hukwepi.

Tangu shirika lisimame mambo yaliyotugharimu miezi ya barua yanaishia kwenye mkutano. Kampuni ya usafi tuliibadilisha wenyewe. Hesabu inabandikwa ubaoni karibu na lifti, pamoja na majina ya wasiolipa, jambo ambalo mimi napinga lakini nilishindwa kwa kura. Ukiwa na hati yako unaweza kuuza bila kumbembeleza mtu, unaweza kukopea, watoto wanaweza kurithi bila kufukuzana na kampuni iliyofungwa. Kati ya milango yote niliyoitaja mengine inakurudishia kilichopotea, huu unamtoa developa kwenye kiti.

Nikate nyota kidogo kwa shirika lenyewe, manake wenye fleti nao wana mambo. Developa alipotoka tukabaki kugombana sisi kwa sisi, nani anapangisha kwa wageni wa siku mbili mbili wanaopiga muziki, nani amefunga balkoni kwa grili, nani anafuga. Kwa haya sheria imeweka kamati ya ndani ya migogoro, inasikiliza uvunjaji wa kanuni za jengo kabla ya kukimbilia korti. Nyota 3, inategemea nani amekaa mle, jirani kumhukumu jirani wanaekutana kwenye lifti kila asubuhi si kazi nyepesi.

Kwa sasa kinachowaka ni maji. Shirika limechukua kotesheni za mashine ya kuchuja chumvi, na mchango unagawanywa kwa fungu la kila fleti kulingana na ukubwa, sio kichwa kwa kichwa. Bwana wa ghorofa ya juu kabisa, mwenye fleti kubwa kuliko zote, anasema yeye anaishi peke yake na hanywi maji ya kisima, kwa nini alipe kuliko familia ya watoto sita. Tumemsomea kifungu, amekataa, kapeleka barua kwenye kamati, na ndani ya barua kaambatisha risiti zake za maji ya chupa.